Linaloulizwa Mezani kwa Bi Maulizo

Ukitaka kumkasirisha Bi Maulizo, mwambie kazi yake ni kukaa kitini na kuelekeza watu choo kilipo. Mimi nilimtania hivyo siku moja, nikakiona cha mtema kuni. Ni kweli choo huulizwa sana, na yeye huelekeza, tena kwa adabu. Lakini mama huyu amekaa kwenye meza ya maulizo ya maktaba tangu enzi za makabati ya kadi hadi leo enzi za kompyuta, na hakuna jambo chini ya jua ambalo mtu hajamfuata kuliuliza. Mirathi, minyoo ya mbwa, namna ya kumwandikia mkubwa barua bila kumpigia magoti, kwa nini mtoto anakula udongo. Wengine huja kwa miguu, wengine hupiga simu, na siku hizi wapo wanaotuma ujumbe kwenye tovuti ya maktaba wakidhani wanaongea na mashine, basi humo hutukana wanavyotaka. Yeye huwajibu, "Mimi ni mtu, tena nina umri wa mama yako. Haya, sema shida yako."

Jina lake halisi limeandikwa kwenye beji kifuani, na hakuna anayelisoma. Bi Maulizo ni jina la wasomaji, na limemkaa.

Ana imani zake kuhusu kazi hiyo, na usijaribu kumtoa humo. Ya kwanza ni kwamba swali la kwanza si swali. Mtu anakuja anasema, "Nataka kitabu cha sheria." Sheria ipi? Sheria ni bahari! Ukimpa kitabu ataondoka nacho kwapani na shida yake moyoni vilevile. Kwa hiyo Bi Maulizo humsogezea kiti, anamwuliza hiki na kile taratibu, mpaka kinatoka chenyewe: mwenye nyumba kamfungia mlango na vyombo viko ndani. Ahaa! Hapo sasa kuna kazi ya kufanya.

Ya pili imetokana na hiyo ya kwanza. Mficha uchi hazai, wote tunajua, lakini nani atavua nguo sokoni? Ukitaka mtu akuambie shida yake, awe na hakika kwamba haitatoka hapo. Kwa hiyo linaloulizwa mezani linabaki mezani. Vikaratasi anavyoandikia wakati wa kutafuta huvichana, na alichokitafuta kwenye kompyuta hukifuta msomaji akiwa bado hajafika mlangoni. Marehemu mume wake alikufa bila kujua yule jirani wao mwenye gari jekundu alikwenda kuuliza nini maktaba, na si kwamba hakubembeleza. Alibembeleza mpaka akanuna.

Na ya tatu, ambayo ndiyo iliyozua mambo: akiwa pale mezani Bi Maulizo hana ndugu.

Asubuhi moja, wifi yake akaingia. Huyu ni mke wa kaka yake, kaka mkubwa, seremala mwenye karakana kubwa kuliko zote mjini, ambaye kila mtu humwita Fundi Randa. Wifi mtu akamwona Bi Maulizo akainua mkono kwa furaha, "Wifi yangu we!" Naye akajibiwa kwa sauti ile ya kazini, laini na nadhifu, "Karibu. Nikusaidie nini?"

Wifi akaangalia nyuma kuona kama anaambiwa yeye.

"Nataka... kitabu cha mashine za mbao," akasema.

Bi Maulizo akamsogezea kiti. Mashine gani? Za kupasulia. Za kununua au za kutengeneza? Hapana, si hivyo. Basi kuna nini kuhusu mashine? Kelele zake, wifi akasema, akaanza kuzungusha pete kidoleni. Kelele zinamfanya nini mtu? Pete ikazunguka tena. Kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Kuna mtu, hakumtaja, amefanya kazi na misumeno ya umeme tangu ujana. Sasa hasikii sawasawa. Televisheni anaifungulia mpaka majirani wanajua habari kabla hawajawasha zao. Wajukuu wakiongea naye anaitikia ovyo. Wengine wakizungumza anadhani wananong'ona kumhusu yeye, anafoka, anauliza wanamficha nini. Na mtu huyo ni mwenye kiburi. Kibarua wake mmoja alimtania kuwa ni kiziwi, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Sasa mtu kama huyo unamsaidiaje? Unaanzia wapi?

Bi Maulizo alikuwa anamjua mtu huyo. Walinyonya ziwa moja. Na yeye alikuwa ameuona ule ukali wa kaka yake na kudhani ni uzee tu. Lakini hakusema "kaka yangu", wala hakusema "pole wifi". Alifungua kompyuta akatafuta. Akapata mwongozo wa afya ya masikio kwa watu wa viwandani, maelezo ya vifaa vya kusaidia kusikia, mahali ilipo kliniki ya masikio na siku zake, na makala nzuri sana ya namna ya kuzungumza na mtu anayepoteza usikivu na hataki kukiri. Alimsomea pale asipoelewa, akamchapishia, akamwambia akirudi na swali jingine milango iko wazi. Wifi akarudi tena na tena, akisoma na kujipa moyo. Jioni wakikutana nyumbani kwa mama walichambua mboga na kuteta watu wengine kabisa.

Sasa mji una vinyozi. Kinyozi wa mtaani kwao, ambaye mkasi wake haujawahi kuwa mwepesi kuliko ulimi wake, alimwona wifi akiingia maktaba. Fundi Randa alipokaa kunyolewa, kinyozi akamwinamia sikioni na kumwambia kwa nguvu, "Fundi, shemeji kawa msomi siku hizi! Kila mara namwona maktaba, kwa dada yako, wameinamiana wanaongea."

Mtu asiyesikia vizuri tayari anaishi na watu wanaonong'ona. Ukimwambia wameinamiana, umemwaga petroli kwenye jiko. Fundi Randa hakuosha hata nywele. Aliunganisha mwenyewe: mke anasoma sheria, mke anataka talaka, karakana itagawanywa, na dada wa tumbo moja ndiye anayempa vitabu.

Jioni hiyo alimkuta Bi Maulizo sebuleni kwa mama yao, kwenye kochi alilolitengeneza yeye mwenyewe, akasimama mbele yake.

"Mke wangu anafuata nini kwako?"

"Nyumbani kwangu au kazini kwangu?"

"Usinichezee! Maktaba!"

"Kazini sizungumzii wasomaji, kaka. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Anasema anasoma mapishi. Mapishi!" Akamgeukia mama yao. "Mama, mwanao huyu anashirikiana na mke wangu kunivunjia nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo hii!"

Mama, ambaye umri umemkunja mgongo lakini si akili, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mwambie kaka yako, mwanangu, yaishe."

"Mnanong'ona nini?" Fundi Randa akafoka.

"Hakuna aliyenong'ona!" Mama naye akapandisha. "Nimesema akwambie!"

"Sitamwambia," akasema Bi Maulizo.

Fundi Randa akabadili mbinu. Akakaa, akashusha pumzi, akamshika dada yake mkono. "Sikia, mdogo wangu. Sitaki maneno yake. Niambie tu kama ni jambo la heri au la shari. Neno moja. Heri au shari, nilale."

Hapo palikuwa pagumu. Lilikuwa jambo la heri! Lilikuwa la heri kuliko heri zote, mwanamke kampenda mumewe mpaka kaenda kumsomea ugonjwa asiotaka kuujua. Neno moja tu, kaka alale, mama alale, na yeye mwenyewe alale. Bi Maulizo alilihisi neno hilo kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Kaka, nikikwambia leo ni heri, kesho mtu mwingine akija kuniuliza mambo ya mkewe nikanyamaza, atajua ni shari. Kunyamaza kwangu kutakuwa kumeshasema. Mimi nanyamazia yote, mazuri na mabaya, ili mtu asipate chochote katika kunyamaza kwangu. Huyo ni mke wako. Kama ungekuwa wewe uliyekuja, ningekunyamazia vilevile."

"Mimi nije kuuliza nini kwako?" Fundi Randa akasimama. "Nina shida gani mimi?"

Akatoka na kuubamiza mlango. Mama akasema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba hajawahi kuona karatasi zenye uzito kuliko damu. Usiku ule Bi Maulizo alilia, nisikufiche. Alimpenda kaka yake. Ndiye aliyemlipia masomo ya ukutubi kwa jasho la mikono yake, na alikuwa akimlea kama baba. Lakini alipomaliza kulia hakuwa amebadili neno.

Fundi Randa naye akalivalia njuga. Wakati ule maktaba ilikuwa inajenga upande mpya wa kompyuta, na meza na rafu zote zilikuwa zinatengenezwa kwenye karakana yake. Mkuu wa maktaba alikuwa amekwishaalika wakubwa kwenye ufunguzi. Fundi akaingia ofisini kwa Mkuu, akafunga mlango, akadhani anaongea kwa siri. Maskini, hajui kipimo cha sauti yake mwenyewe! Chumba kizima cha kusomea kilisikia: "MKE WANGU ANATAKA TALAKA NA DADA YANGU ANAMFUNDISHA! ASIPOSEMA, RAFU HUZIONI!" Vichwa vikainuka juu ya vitabu. Alimwaga mtama penye kuku wengi, na mtama wenyewe ulikuwa wake. Bi Maulizo, mezani pake, aliona aibu kwa niaba yake mpaka masikio yakamwaka moto.

Mkuu akamwita. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu wa kupenda mambo yaende.

"Bi Maulizo, hili ni jambo la kifamilia. Mwambie tu."

"Likiwa la kifamilia, wewe limekufikiaje?"

"Ni ndugu yako!"

"Ndiyo maana siwezi. Nikimtolea ndugu yangu, kesho utaniambia nimtolee rafiki yako, na keshokutwa askari mwenye wivu. Kanuni umeitundika wewe mwenyewe ukutani, Mkuu. Siri ya msomaji italindwa. Haikuandikwa isipokuwa rafu zikichelewa."

Mkuu akabana midomo. Akasema basi kuanzia Jumatatu atakwenda chini, chumba cha kushonea vitabu vilivyochanika. Meza ya maulizo itapumzika, wasomaji watatumia kompyuta.

Kumtoa mezani ilikuwa ni kumkata mkono. Hakuwa na mtoto, mume alishazikwa, na meza ile ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi. Mkuu alilijua hilo, na ndiyo maana alilichagua. Bi Maulizo akasimama.

"Nipe kwa maandishi. Na sababu uiandike: amekataa kutoa siri ya msomaji. Nitaitia kwenye fremu niitundike sebuleni."

"Sababu ni mahitaji ya kazi."

"Mwongo," akasema Bi Maulizo, bila kupandisha sauti, akatoka.

Jioni wifi alimjia mbio na khanga begani ikiburuzika. Habari zilikuwa zimemfika, zingekosaje kumfika baada ya tangazo lile? "Wifi, sema tu! Mwambie nilifuata nini. Acha nitukanwe mimi kuliko wewe kupoteza kazi kwa ajili yangu."

"Wewe uko tayari kumwambia?"

Wifi akatazama chini. "Bado naogopa. Ataona nimemtangaza kiziwi mji mzima. Lakini ukisema wewe..."

"Basi haliko tayari. Kusema ni kwako, mdomo unao. Wangu haukodishwi."

"Na kazi yako?"

"Kazi yangu ndiyo hii ninayoifanya sasa hivi," akasema Bi Maulizo. Akamfuta machozi kwa pindo la khanga ileile na kumwambia aende nyumbani.

Jumatatu akashuka chini. Chumba kile kina dirisha moja dogo linaloonyesha miguu ya wapita njia, meza iliyoliwa na visu, ndoo ya gundi na vitabu visivyo na migongo. Alikuwa amekuja na kile kibao cha kanuni kutoka ukutani, akakigongomelea mlangoni mwa chumba cha kushonea. Mkuu alipouliza nani kaking'oa, alijibiwa kwamba huko juu hakikuwa na kazi.

Kompyuta za juu zilifanya kazi yake vizuri. Ukiandika neno zinakuletea vitabu. Lakini mzee anayetafuta namna ya kumpata mwanawe aliyepotelea nchi za watu ataandika neno gani? Wasomaji wakaanza kushuka ngazi. Kwanza mmoja akiomba samahani kwa kusumbua, kisha mwanamke mwenye mimba aliyekuja akiulizia vitabu vya majina ya watoto, na swali lake halikuwa majina. Bi Maulizo alishona kwa mkono mmoja na kusikiliza kwa masikio yote mawili. Mkuu akatuma neno kwamba chumba cha gundi si mahali pa kupokelea watu. Akarudishiwa neno kwamba aje awafukuze mwenyewe. Hakuja.

Bi Maulizo alikuwa anapaka gundi mgongo wa kamusi, mchana mmoja, mlango ulipofunguliwa bila hodi. Akageuka kumkuta kaka yake. Kofia ya kazini mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi, na shavu limechubuka.

Bi Maulizo akaweka brashi chini. Ulimi ulimwasha kumwambia maneno aliyomwandalia tangu Jumatatu, na yalikuwa maneno mazito. Lakini mtu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake cha kazi, anazungusha kofia.

"Karibu," akasema. "Nikusaidie nini?"

Fundi Randa akasema kwa sauti yake ileile. "KUNA KITABU CHA... MISUMENO?"

Bi Maulizo akainuka, akafunga mlango, akasogeza viti viwili karibukaribu, akakaa upande wa sikio la kulia ambalo alijua lina nafuu. Akamwekea mkono begani kumwonyesha kwamba sauti ishuke. Misumeno gani? Ya umeme. Unataka kuinunua? Hapana. Kuna nini, basi?

Fundi Randa aliiweka kofia magotini. Kisha akasema kwamba jana ubao ulianguka kutoka kwenye lundo nyuma yake. Vijana walipiga kelele, wote, wamemhakikishia kwamba walipiga kelele. Hakusikia kitu. Ubao ulimpitia shavuni, na ungempiga kichwani asingekuwepo hapa. Na usiku kuna mlio masikioni, kama birika linalochemka chumba cha pili, na hauzimwi. Akasema maneno hayo kwa kunong'ona, sauti ambayo dada yake hakuisikia kwake kwa miaka.

"Kliniki nitakaa foleni na majirani," akasema. "Nikawapitia watu wote ninaowajua, nikitafuta asiyeweza kunisema. Nilimpata mmoja. Nilimbana kwa mama, nikambana kwa Mkuu, nikamtupa shimoni, na hakusema."

Bi Maulizo alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Hakufanya hata kimoja. Alitafuta. Alimweleza taratibu, akimtazama ili asome midomo, kwamba usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, lakini uliobaki hulindwa, na kwamba kuna vifaa vya kuvaa sikioni na wataalamu wa kumpima. Alimchapishia mwongozo, mahali pa kwenda na siku zenye watu wachache.

Fundi Randa akazitazama zile karatasi. Akageuza ya kwanza, akageuza ya pili. Alikuwa ameziona mahali, zikichungulia chini ya nguo za mkewe kabatini, na hakuzisoma kwa sababu alikuwa na hakika anajua ni za nini. Uso ukamlegea.

"Mke wangu alikuja kuuliza hili," akasema. "Sivyo?"

Jamani! Mimi ninayesimulia ningekubali hapo. Ningetikisa kichwa mpaka shingo ivunjike. Mtu ameshajua, amebakiza kuthibitishiwa tu, na kwa kutikisa kichwa mara moja ndoa ingepona na ndugu wangepatana palepale juu ya ndoo ya gundi.

"Mwenye jibu hilo unalala naye kitanda kimoja," akasema Bi Maulizo. "Kwangu hulipati."

Mshipa ulimtoka Fundi Randa kwenye paji la uso. Ulisimama hapo kidogo, ukalala.

"Na yeye akija kukuuliza mimi nilifuata nini huku?"

"Ataondoka mikono mitupu, kama wewe."

"Na mama?"

"Mama pia."

"Na Mkuu?"

"Mkuu nitampaka gundi."

Fundi Randa akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia, na si yote yalikuwa ya kicheko. "Nisamehe, mdogo wangu. Napanda sasa hivi kumwambia akurudishe juu, la sivyo rafu hataziona."

"Usithubutu! Nimeshushwa kwa rafu zako, sitapandishwa kwa rafu zako. Mpelekee rafu zake. Akitaka kunirudisha anirudishe kwa kuwa nilikuwa na haki, na asipotaka, watu ngazi wameshaijua."

Kaka akazikunja karatasi, akazitia kifuani, akapanda. Mkuu alikuwa anamngoja juu ya ngazi, amejaa tumaini.

"Vipi, Fundi? Amesema?"

Fundi Randa alijibu kwa sauti yake ileile isiyojua kipimo, na chumba kizima cha kusomea kikainua vichwa.

"HASEMI! NA OLE WAKE ATAKAYEMLAZIMISHA!"

Huku chini Bi Maulizo alisikia kila neno. Akanawa gundi mikononi, akaufungua mlango, maana viatu vya msomaji mwingine vilikuwa vinashuka.